Sahani Tatu Chini ya Kitanda

Temeke, Jumamosi alasiri

Zuhura mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kusema mie mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Wewe hujafika mbali bado. Uko nyumba ya tatu kutoka hapa, kichwa chako kiko katikati ya magoti ya Bi Tatu, unasukwa twende kilioni, na sauti yako naisikia ukilalamika kwamba anakuvuta. Nimemwomba akusuke mistari midogo midogo ili achelewe. Usimkasirikie. Nilitaka saa mbili za peke yangu, na sikuona njia nyingine.

Sekondari walitufundisha kuandika barua kwa Kiingereza: ya kuomba kazi, ya kuomba ruhusa, na ya kuomba radhi. Ile ya kuomba radhi ilikuwa ya mistari sita na mwalimu alinipa alama nzuri. Tangu asubuhi najaribu kuikumbuka na naona haifai kitu. Kwa lugha ile naweza kusema lolote bila uso kuniwaka, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunigombeza kwayo humu ndani. Hii nakuandikia kwa lugha aliyonigombezea Mama.

Ya safari sikuandikii. Sanduku nimeshalifunga kwa kamba, Mjomba Hamisi atakuja kesho asubuhi kutoka Kipawa alikofikia, na njia ya Masasi anaijua yeye kuliko mie. Ya kusali na kuoga unayajua. Nakuandikia jambo moja ambalo mdomo wangu umeshindwa kulitoa kwa miaka mitatu. Unanijua mie. Nikitumwa kuomba kibiriti kwa jirani nazunguka uani mara tatu halafu narudi kusema jirani hayupo.

Nina miaka kumi na minane na wewe una kumi na mmoja, na watu hucheka nikikuita mwanangu. Kiwandani wenzangu wananiita Mama Zuhura kwa utani, wananiuliza nilikuzaa nikiwa darasa la ngapi. Waache. Mchana ule aliokufa, Mama aliushika mkono wako akauweka juu ya wangu, akasema, "Huyu sasa mwanao." Tangu siku ile sijakuita mdogo wangu hata mara moja. Kwa hiyo haya ni maneno ya mzazi, ingawa mzazi mwenyewe ndiye huyu.

Nianze na sikukuu iliyopita, maana hapo ndipo nilipoamka.

Watoto wa nyumba nzima walikuwa uani wamezunguka sinia moja la pilau. Mie nilikuwa hata jiko sijawasha. Wewe umesimama mlangoni kwetu, gauni jipya, na Chausiku akakuita, "We Zuhura, njoo bwana, utakuta mifupa!" Watoto wakasogea wakakuachia nafasi. Wewe ukasema, "Nimeshakula."

Ulisema vizuri, bila kutikisika, kama mtu mzima. Kisha ukaingia ndani, ukakaa kuelekea ukutani kama tunavyokaa siku zote, ukaningoja nipike. Nilikuwa nimeshika mwiko. Neno lile nililitambua kama mtu anavyoitambua nguo yake imevaliwa na mwingine.

Sasa nikwambie lilikotoka.

Huikumbuki nyumba hii ilivyokuwa. Unaijua kama nyumba ya vyumba sita ambamo kila mtu anapikia mlangoni kwake na kufunika sufuria yake. Zamani haikuwa hivi. Jioni majiko sita yalikuwa yanakaa mstari mmoja uani, na aliyewahi kuwasha ndiye aliyewagawia wengine kaa la moto. Mama alikuwa anarudi kufua nguo za watu, hajavua hata viatu, anauliza, "Nani ana moto?" Na aliyejibu kila siku alikuwa Mama Chausiku, wa chumba kinachotazamana na chetu, ng'ambo ya korido.

Wale wawili walikuwa watani. Mama akikuna nazi, Mama Chausiku anasema, "Nyie watu wa kusini nazi mnaikuna kama mnaiogopa. Ikune, haikung'ati!" Na Mama hamwachii: "Nyie Wazaramo bila nazi hata maji hamnywi. Siku utakayokufa tutakuosha kwa tui." Wanacheka mpaka mzee wa chumba cha mbele anakohoa kuwanyamazisha.

Wakishapakua, mikeka inatandikwa na mboga zinachanganyika. Huyu kaleta tembele, huyu dagaa, huyu hana mboga kaleta pilipili tu, na aliyeleta pilipili anakula sawa na aliyeleta samaki. Mie nilikuwa nakaa pembeni, macho chini, nachukua matonge madogo. Mama Chausiku ndiye aliyekuwa akinisukumia bakuli la mchuzi. "We Mwanaidi unakula kama unamwibia mtu. Kula, chakula hakina polisi!" Watu wote wanacheka, na mie natamani ardhi inifunike. Lakini nilikuwa nakula.

Na kulikuwa na desturi ya sahani. Mtu akipika kitu kizuri anapakua kidogo kwenye sahani ya bati, anaifunika kwa kawa, anampelekea mwenzake. Na sahani ya mtu hairudi tupu. Unaiosha, unaikalisha siku moja au mbili, ukipika unatia chochote unairudisha. Ukirudisha tupu ni kama umemwambia mwenzako kwamba tumemaliza mie na wewe. Mama alilishika hili kuliko nilivyomwona akishika jambo lolote. Lakini hakulishika kwa kiburi. Siku moja hakuwa na kitu kabisa, akakata majani ya mchaichai nyuma ya choo, akayapanga juu ya sahani ya watu kama anapanga maua, akamkabidhi Mama Chausiku kwa mikono miwili. "Mwenzangu, leo utakunywa harufu." Yule alicheka akakaa chini.

Nimelikumbuka hili mara nyingi. Mama alijua. Mie niliona kwa macho yangu kwamba majani matatu yanatosha, na bado nikafanya nilichofanya.

Ikaja ile njaa. Mvua hazikunyesha, redio inahimiza watu walime, na sie wa mjini tunapanga foleni dukani tangu alfajiri kungoja unga wa njano, unga ambao ukiusonga unanuka ghala. Siku nyingine unafika dirishani unaambiwa umekwisha. Uani pakanyamaza. Majiko yakaanza kuhama moja moja, kila mtu akavutia la kwake mlangoni. Hakuna aliyemfukuza mwenzie. Ni ile tu, unaona aibu kula mbele ya asiye nacho, na asiye nacho anaona aibu kukaa mbele ya anayekula.

Mama akawa anarudi kazini anatupakulia mimi na wewe, yeye anakaa kando. "Mie nimeshakula kule nilikokuwa nafua." Nilimwamini wiki ya kwanza. Wiki ya pili nilimwona akikomba mwiko, akidhani tumeshalala. Kwa hiyo neno lile lilianza kwake, na kwake lilikuwa mapenzi. Lilipofika kwangu likageuka.

Akaanza homa. Homa za kwanza alikwenda nazo kazini, kisha akashindwa kuinuka. Siku hiyohiyo ikaja sahani ya kwanza: ugali wa muhogo na kisamvu. Mama Chausiku alinikabidhi mlangoni, akaniuliza hali ya Mama, nikasema kachoka tu na foleni. Tulikula. Ukaramba sahani, Zuhura, na mie nikakuacha urambe. Niliiosha nikatazama huku na huku ndani. Hakuna kitunguu. Hakuna unga. Chumvi ilikuwa kijiko kimoja. Nikaisukuma sahani chini ya kitanda mpaka nitakapopata cha kutia.

Siku mbili baadaye ikaja ya pili. Wali mkavu, mkono mmoja wa wali, na kipande cha nguru. Nikaipokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukilishikilia pazia asione ndani. Akasema, "Mwambie mama yako nitakuja kumtazama nikishaanua nguo." Nikasema, "Amelala." Sahani ya pili ikaenda chini ya kitanda juu ya ile ya kwanza.

Ya tatu sikuipokea kabisa. Aligonga, nikanyamaza, akaiweka kizingitini akaenda zake. Nilingoja korido iwe tupu, nikaivuta ndani kama mwizi.

Sahani tatu za mtu mmoja. Najua unafikiri ni bati tu. Mie nilikuwa nazisikia. Nikikaa kitandani nasikia zinavyogusana. Niliona mwanamke yule akiingia atainama, ataziona, atajua kwamba tunakula vyake tukificha. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na sikuona jambo baya duniani kuliko hilo. Watu wananisifu kwamba nina haya. Mwanangu, haya yangu ilikuwa kiburi kilichovaa ushungi.

Basi aliposimama tena mlangoni kesho yake nikamwahi. Nilitoka nje nikaurudisha mlango nyuma yangu. Nikasema, "Mama kasafiri. Kaenda Kimbiji kwa ndugu zetu, huko kuna muhogo. Sie tunakula kwa rafiki yake, tumeshakula."

Akanitazama. "Kasafiri lini, na mie nimekaa hapa?"

"Alfajiri."

"Bila kuniaga?"

"Alisema nikwambie."

"Haya," akasema. "Akirudi mwambie nimenuna." Akatabasamu, akarudi uani kwake.

Hatukuwa na ndugu Kimbiji. Sijui hata Kimbiji kulivyo.

Siku nne Mama alikaa ndani ya chumba hiki, hatua sita kutoka mlango wa mtu aliyemdhania yuko ng'ambo ya Kigamboni anakula muhogo. Mie nilikuwa namkanda kwa kitambaa cha maji. Nilikukataza wewe kutoka, nikikwambia nje kuna ugonjwa. Ulikuwa na miaka minane, ulikubali.

Sasa nafika mahali ambapo hujawahi kupasikia.

Siku ya tatu, mchana, Mama alifumbua macho yakiwa mazima kabisa. Akasema, "Mwanaidi. Niitie Mama Chausiku." Nikasema, "Hayupo, kaenda sokoni." Alikuwa uani. Alikuwa anacheka na mtu, sauti yake inapita dirishani kama yumo humu ndani. Mama alisikia. Alinitazama tu. Baada ya muda akasema tena, "Niitie," na mie nikasema, "Mama, hayupo."

Hakuuliza mara ya tatu. Kesho yake, baada ya adhuhuri, ndipo alipokukabidhi kwangu.

Sijui kama angepona. Nimelifikiri hili kila nikikaa kwenye mashine kiwandani. Yule mwanamke angemwona, angepiga kelele, wanaume wa nyumba wangembeba, hospitali si mbali. Labda angekufa huko huko. Lakini angekufa ameshikwa na mwenzie, na alimwomba kwa jina.

Nilipopiga yowe, wa kwanza kuingia alikuwa Mama Chausiku. Alisimama mlangoni akamtazama Mama, akanitazama mie, akasema polepole, "Si ulisema kasafiri?" Kisha akaanguka juu ya kitanda akalia, na chini yake sahani zake zikagongana.

Alitupikia matanga yote. Wakati ule wa njaa alizunguka mtaa mzima na ungo, huyu kikombe cha mchele, huyu nusu nazi, akapata wali wa kutosha hitima. Mjomba Hamisi alifika siku ile ya hitima, na vumbi la basi kichwani. Masinia yakatandazwa uani, wanaume wakanawa, na Mjomba kabla hajala akauliza, si kwa ukali, "Ndugu zangu, humu mnakaa watu wengi. Hakuna aliyemwona dada yangu siku zote hizo?"

Mama Chausiku alikuwa amesimama na upawa. Akasema, "Kaka, mtoto aliniambia mama yake kasafiri."

Watu wote wakanigeukia. Mie, ambaye sijawahi kusema mbele za watu hata darasani, nilisema kwa sauti iliyonyooka, "Sikusema hivyo. Nilimwambia Mama anaumwa sana. Akasema ana shida zake."

"Mwanaidi!" akasema.

"Ndivyo alivyosema, Mjomba."

"Jamani, mie nimlaani mtoto yatima? Lakini Mungu yuko, huyu aliniambia..."

Mama mmoja akamkata, "Aibu. Unamsingizia mtoto juu ya kaburi la mamaye?"

Mjomba mkono wake ulikuwa umeshagusa wali. Akautoa, akaukung'uta, akainuka. "Chakula cha mkono huo mie sili." Unajua desturi yetu: mkubwa akiinuka, walio naye kwenye sinia hawaendelei. Akainuka wa pili, wa tatu, mpaka uani pakabaki masinia peke yake, wali umejaa, mwaka ambao watoto walikuwa wanalala kwa uji wa maji. Mume wake akamwambia, "Ingia ndani." Akaingia na upawa mkononi.

Hiyo ndiyo hadithi uliyokua nayo. Kwamba jirani alimwacha mama yako afe. Mie ndiye niliyeitunga, na masinia yale yaliyoachwa yakaipa nguvu.

Sikukatazi kunichukia. Ila ngoja nimalize, maana limebaki baya zaidi, na ni juu yako wewe.

Ulikuwa na Chausiku kama pacha. Ukaacha kucheza naye. Ukaacha kumwamkia mama yake. Nakumbuka siku moja, pengine mwaka mmoja baada ya msiba, ulipita mlangoni kwao ukatema mate. Nilikuona. Mama Chausiku pia alikuona, akachukua kata ya maji akamwaga pale. Mzazi yeyote angekuchapa. Mie usiku huo nilikupakulia kipande kikubwa cha nyama. Nilifurahi, Zuhura. Kila ulipomchukia nilijiona nimepona kidogo. Nilikulisha uongo, na ulipoumeza vizuri nikakuongeza mboga.

Na nimekupikia miaka mitatu. Unajua napika vizuri. Chumvi sikosei, ugali wangu hauna mabuje. Lakini hujawahi kuniambia kitamu, nami sijawahi kukulaumu, kwa sababu na mie siisikii ladha. Tunakaa kuelekea ukutani, tunakula ili tumalize, naosha vyombo viwili. Mwaka jana unga ulirudi madukani na mchele ukaonekana, na nikangoja furaha irudi nao. Nilikuwa nadhani njaa ndiyo iliyotufungia ndani.

Kijijini kwa Mjomba mtakula wengi. Wamehamishiwa pamoja, nyumba zimepangwa mstari, na Mjomba anasema jioni mikeka hutandikwa nje. Watakuita. Utaona uso unakuwaka na miguu inataka kurudi ndani, nami ndiye niliyekufundisha miguu hiyo. Sina dawa ya kukupa. Nina hili tu: siku utakayokosa cha kurudisha, nenda hivyohivyo. Simama kwa watu mikono mitupu, usemwe, uchekwe kama watacheka. Aibu unaipata mara moja inakwisha. Mie ya kwangu niliikwepa ikaenda kwa mtu mwingine, akaibeba miaka mitatu.

Hapo niliweka kalamu chini. Niliona ninakuandikia wewe kwa sababu wewe ni mdogo na huwezi kunijibu. Nikainama, nikazitoa zile sahani, nikazifuta vumbi, nikatoka. Sikutia kitu ndani yake.

Sasa nimerudi.

Mama Chausiku alikuwa amekaa kwenye kibao, anachambua mchicha. Nikasema, "Shikamoo, Mama Chausiku." Alitazama nyuma yangu, kuona kama kuna mtu mwingine aliyemwamkia.

"Marahaba. Leo kumekucha?"

Niliweka sahani chini mbele yake.

"Hizo zangu," akasema.

"Zako, mama."

"Nilijua ziko kwenu. Nikasema, yatima hao, waache wakae nazo."

Nikamwambia yote, nimesimama, kwa mpangilio huu huu niliokuandikia. Kimbiji. Hitima. Hata ile nyama niliyokupakulia. Mikono yake iliendelea na mchicha kana kwamba namsimulia habari za foleni. Nilipofika pale Mama alipomwita, ikasimama.

"Aliniita?"

"Mara mbili. Nikasema hupo. Ulikuwa hapa hapa, unacheka."

"Nilikuwa nacheka nini?"

"Sijui, mama."

Nzi alitua mkononi mwake hakumfukuza. Kisha akasema, "Ile sahani ya tatu ilikuwa yangu. Watoto walishakula, baba yao alishakula, ile ilibaki ya mie. Nilikunywa maji nikalala. Wala sikusikitika. Nilisema, akipata nguvu huyu Mmakonde atanitania, atasema Mzaramo kajinyima leo, kesho mvua itanyesha." Akajifuta uso kwa kanga. "Miaka mitatu naenda sokoni kwa njia ya nyuma, Mwanaidi. Mtoto wangu anaulizwa shuleni mama yako ndiye yule?"

Nikasema, "Nisamehe."

"Usiniharakishe."

Akauliza, "Mjomba wako anakuja lini?"

"Kesho asubuhi."

"Utamwambia mbele yangu. Na mbele ya nyumba nzima, sauti ileile uliyoitoa siku ile."

"Ndiyo, mama."

"Na mtoto anajua?"

"Namwandikia."

"Unamwandikia!" Akacheka, si cheko la zamani. "Mnalala kitanda kimoja, unamwandikia. Haya, msomi." Akachukua fungu jingine la mchicha. "Akishasoma aje ale. Nampikia yeye." Akaninyanyulia macho. "Wewe sijakuita."

Nikasema, "Sawa, mama," nikarudi ndani.

Kesho nitasema. Mjomba unamjua, huenda akaniambia nisikanyage kwake, na huenda akakukataza hata kunijibu. Hata akikuruhusu, wewe mwenyewe unaweza usitake. Sitakuja kukushika miguu kwenye basi. Nitaendelea kukuita mwanangu, hilo tu sitaliacha, hata kama nitalisema peke yangu humu ndani.

Ukifika mstari huu, acha karatasi kitandani uinuke. Mie nitakuwa nimekaa hapa hapa. Kama hutaki kunitazama, pita tu. Vuka korido, mwamkie vizuri, mie usiniombee chochote. Unawe, ukae karibu na Chausiku, ule mpaka wao waseme wameshiba. Ng'ambo ya korido nasikia sufuria inaepuliwa. Nenda, wasikungoje.

Mwanaidi